Kwa Nini Hondohondo Hulia Kama Mtoto Mchanga

Enzi zile milima ya Upare ikiwa bado msitu mtupu, hondohondo alikuwa bubu. Mdomo wote ule mnaouona, na sauti hakuna. Alipita juu ya watu kimya kimya, nao wakamwona ndege mjinga.

Katika msitu huo aliishi Senzota, mtu asiyejua kukaa. Hata akila, goti lilimcheza. Ukoo ulikuwa umempa kazi ya kuangalia miti inayokufa. Mti ukianza kukauka kileleni, aliufunga ugwe shinani uwe alama, akauacha ukaukie palepale hadi mwaka wa pili, ndipo akauangusha. Mti mzima haukuguswa. Hivyo watu walipata kuni, na msitu ukabaki msitu.

Mwaka mmoja binti yake, Nakajumo, alijifungua mtoto njiti, kadogo mno, unaweza kukalaza kiganjani. Mkunga alisema neno moja tu: moto wa mzazi usizimike, ukizimika, mtoto naye basi tena. Nakajumo akafungiwa chumbani na mwanawe kama ilivyo desturi, na kuni zikawa juu ya Senzota.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuja na mvua. Ukungu ulikaa mlimani ukakataa kuondoka. Miti iliyokauka vizuri ikaisha mmoja baada ya mwingine, na Senzota akawa hatulii kabisa: anachungulia moto, anatoka, anarudi, anachungulia tena.

"Baba, keti basi, unanitia wasiwasi," binti alimwambia.

Hakuketi. Asubuhi moja rundo la kuni lilipobaki vijiti vitupu, alichukua shoka akaenda kwenye mti mmoja mzee aliokuwa ameufunga ugwe juzijuzi tu. Wakati wake ulikuwa bado, ila ubavuni aliona tundu limezibwa kwa udongo mkavu, umebaki ufa mwembamba. Wakata kuni wa huko wakiona udongo kwenye shina husema mchwa wameshaingia, mti umekwisha. Senzota hakusogea kutazama. Nani ana muda wa kutazama, na mtoto anapoa? Akaukata.

Mti ulipoanguka, udongo ulipasuka, akajitokeza hondohondo jike. Mabawani hakuwa na unyoya wa maana hata mmoja, maana akishajifungia kwa udongo ili aatamie, manyoya humtoka, na mumewe humlisha kupitia ule ufa. Chini yake kinda mmoja alikuwa hai. Wengine, jamani, tuyaache. Dume alikuwa kwenye tawi la mti wa jirani na tunda mdomoni, anatazama tu. Angelia kwa sauti ipi? Senzota ndiye aliyelia.

Alirudi na gogo begani na ndege hao ndani ya shuka lake. Nakajumo alitazama yale mabawa, akaelewa.

"Huyu ni mzazi, Baba. Mlete motoni."

Basi wazazi wawili wakaota moto mmoja, moto wa mti uliokuwa nyumba ya mmoja wao. Senzota alitoboa ukuta kidogo, na dume akawa anapitisha matunda hapo. Mtoto akilia, kinda anainua shingo, anasikiliza. Siku moja Nakajumo alisikia kilio akageukia mwanawe, akamkuta amelala fofofo. Aliyelia alikuwa kinda.

Mtoto aliishi. Jike naye aliota manyoya, na kinda alipokomaa wakaruka wote watatu. Senzota ndiye ambaye hakupona moyoni: mpaka uzeeni, kilio kikisikika msituni, alisimama.

Na tangu siku hiyo hondohondo hulia kama mtoto mchanga, na wanawake wa milima ile wakimsikia huwapapasa wanao kwanza. Na mkata kuni wa huko, hata mti ukauke vipi, huugonga kwa upande wa shoka usio na makali, akabandika sikio kwenye gome, akangoja asikie kama ndani kuna mzazi.