Usingizi wa Nkwabi

Hapo zamani, enzi ambazo mavuno yakishaingia ghalani watu hupimana nguvu kwa mieleka, paliondokea mwanamume akiitwa Nkwabi. Mgongo wake ulikuwa haujawahi kugusa mchanga. Lakini mwaka huo mkewe, Kabula, alikuwa amejifungua pacha. Kulwa akilala, Doto analia. Doto akilala, Kulwa analia. Nyumba nzima ikakesha, usiku baada ya usiku.

Siku ya mieleka ikafika. Mtemi alikuwa ameweka zawadi ya mtamba mwekundu. Nkwabi akakutana na Lushinge, mwanamieleka wa ng'ambo ya mto. Akitaka kushika, mkono umechelewa. Akitaka kukwepa, mguu umechelewa. Mara puu, yuko chini.

Watu wa ng'ambo wakaanza kuimba. Lushinge hakuimba. Akamwinua mwenzake, akamtazama machoni.

"Nkwabi, unaumwa?"

"Siumwi. Sijalala."

Lushinge akamgeukia Mtemi. "Mtemi, sijamwangusha Nkwabi. Usingizi ndio uliomwangusha. Naomba turudiane kesho."

Watu wake wakanung'unika, ila Mtemi akakubali.

Nkwabi akarudi nyumbani viungo vyote vinamuuma. Kabula akamkanda kwa maji ya moto, kisha akabeba pacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akahamia nao kwenye kibanda cha shambani. Huko akakesha nao peke yake. Nkwabi akalala fofofo. Anaamka, jua limeshapanda na mwili umekuwa mwepesi.

Wakashikana tena. Walivutana hadi vumbi likawafunika, na safari hii Lushinge ndiye aliyelala chali. Akainuka akicheka.

Nkwabi akashika kamba ya mtamba.

"Taratibu, ndugu yangu," Lushinge akasema. "Jana huyu alikuwa wangu. Nilimwachia kwa hiari yangu. Bila neno langu, leo usingeingia uwanjani."

Kabula naye, aliyefika na pacha kutoka shambani, macho mekundu, akasema, "Na bila mimi usingesimama. Nilikesha ili wewe ulale. Mtamba huyu akifika nyumbani ataitwa ng'ombe wa Kabula, na maziwa nitagawa mimi."

"Mke wangu, nakushukuru," Nkwabi akajibu. "Lushinge, nakuheshimu. Lakini wangapi wamelala usiku kucha na bado wakaangushwa? Aliyeshindana ni mimi, na mbavu zinazouma ni zangu."

Mtemi akawasikiliza tena, mmoja mmoja. Akakuna kidevu, akacheka, akaamuru mtamba afungwe mtini kwanza.

Basi ninyi mlioketi hapa, mliolala na mliokesha, nisaidieni: mtamba yule alistahili kuwa wa nani?