Chuo cha Tai na Kofia ya Kheri

Hodi, wenye kusikiliza.
— Karibu, mwenye kusema.
Nimekuja na hadithi, nayo haina haraka.
— Iketishe, nasi tumeketi.

Basi. Kwa uwezo wa Mungu, aliyewapa wengine mabawa na wengine akawanyima, palikuwa na mwamba mrefu kando ya ziwa la magadi. Juu ya mwamba aliishi Tai, mkubwa wa mwili na mkubwa wa tumbo. Chini, kwenye nyufa za mawe, waliishi pimbi, viumbe wadogo, wasio na mkia wala makuu.

Hapo kwanza Tai aliwinda kama tai wengine. Akishuka, vuu, pimbi wakaingia mawe. Akishuka tena, vuu, wakaingia mawe. Akazeeka, akanenepa, akachoka kukimbizana. Ndipo akafungua Chuo cha Uongozi wa Usafiri wa Anga.

Akawaambia wazazi wa pimbi na wa wanyama wengine wadogo kwamba kuruka si kitu, hata nzi anaruka. Kazi yenye heshima ni ya yule anayekaa chini na kuamua nani atue na nani asubiri, mzigo upi upande na upi ubaki. Kazi hiyo haitaki mabawa, inataka cheti. Mzee Buku, panya mwenye maswali, akauliza habari za ajira.

"Ajira usiniulize," Tai akasema. "Hakuna mhitimu wangu hata mmoja anayezurura hapa. Umemwona?"

Mzee Buku akatazama huku na huku. Kweli, hakumwona.

Kila darasa lilipomaliza, Tai aliwabeba wahitimu mmoja mmoja kuwapeleka mlimani kwa mafunzo ya vitendo. Akirudi, alirudi peke yake na habari njema. Sungura alikwenda, akapata nafasi. Kindi alikwenda, akapata nafasi. Kheri, kijana wa pimbi, alikwenda na kofia yake ya ukindu kichwani, naye akapata nafasi. Ng'ambo ya mlima, Tai alisema. Mshahara mzuri.

Mama Kheri alimtengea mwanawe majani kila jioni. Yakikauka, aliyatoa akaweka mabichi. Akiuliza mbona kijana haleti salamu, Tai alimjibu kwamba watu wa usafiri wa anga wana shughuli nyingi. Mama akamshukuru Mungu kwa kazi aliyopata mtoto wake, kisha akalia, wala hakujua analilia nini.

Zawena, dada yake Kheri, aliona machozi yale akajiandikisha chuoni. Nia yake ilikuwa kuhitimu, afike huko ng'ambo, amwambie kaka yake amkumbuke mama. Akasoma kwa bidii. Akajifunza kwamba rubani humtii aliye mnarani, na kwamba uwanja hukaguliwa kwa miguu kila asubuhi kabla ya mtu kutua. Tai mwenyewe hakuwahi kuukagua. Kutembea kwenye vumbi, alisema, ni kazi ya wanafunzi. Yeye alitazama kutoka juu, akaona mistari ya mawe meupe, akatua katikati.

Ikawadia zamu ya Zawena kufagia chini ya mwamba. Upepo ukavuma, kitu kikaanguka kutoka kwenye kiota, pu. Kilikuwa kofia ya ukindu, ile aliyoisuka mama. Zawena akaigeuza. Ndani ilikuwa na damu iliyokauka. Akatazama vijiti alivyokuwa akivifagia, vile vyeupe ambavyo wanafunzi wote walivifagia kila siku. Havikuwa vijiti.

Akaketi. Akamwombea kaka yake polepole, mpaka mwisho, bila kuacha neno. Kisha akaificha kofia chini ya jiwe.

Kesho yake ilikuwa mahafali, na baada ya karamu Tai angeanza kubeba wahitimu. Wa kwanza kubebwa alikuwa Zawena, kwa kuwa alama zake zilikuwa za juu. Kukimbia aliweza. Lakini wenzake wangebaki, na Tai angewaambia wazazi kwamba binti amekimbia mtihani. Na yeye akisema aliyoyaona, nani angemsadiki?

Alfajiri, Zawena akaenda kukagua uwanja kama kawaida. Akayasukuma mawe meupe moja moja mpaka ziwani, akayapanga juu ya gamba la magadi, jeupe, lililonyooka kama sakafu. Yeye mwepesi alipita, cha, cha, cha, likambeba. Chini yake lilikuwa tope lisilo na mwisho.

Wazazi wakafika na zawadi ya Mkuu wa Chuo, kambare mnene. Zawena akapiga goti.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti."

"Wazazi wanataka kuona ulichotufundisha. Ruka na mzigo, mimi nikuongoze."

Tai akamtazama kambare, akaona midomo mingi iliyomzunguka. Heri awe juu, kwenye makucha yake. Akamkamata, akapaa. Zawena akapanda kichuguu kilichokuwa mnara wao.

"Mnara, naomba kutua."

"Subiri, Mkuu. Korongo wako mbele yako."

Tai akazunguka, vuu, vuu.

"Mnara, naomba kutua."

"Subiri, Mkuu. Upepo umegeuka."

Tai akazunguka, vuu, vuu. Mzee Buku akacheka, akasema Mkuu anatii kama mtoto wa darasa la kwanza, kumbe chuo ni cha kweli. Tai akasikia, akaona aibu kuvunja sheria yake mwenyewe mbele ya wazazi.

"Mnara, mzigo ni mzito."

"Uangushe, Mkuu."

Tai akakaza makucha. Kuacha nyama hakujawahi kumwingia moyoni. Akazunguka, mabawa yakatetemeka, macho yakaona giza.

"Uwanja uko wazi," Zawena akasema. "Fuata mawe meupe."

Akashuka na uzito wake wote. Kra. Pwaa. Didimi. Tope likamshika miguu, likamshika mabawa.

Zawena akaja juu ya gamba, cha, cha, cha, na kofia mkononi.

"Kaka yangu alipata nafasi wapi?"

"Nitoe kwanza, binti, nikwambie."

Zawena akaiweka kofia mbele yake. Tai akaitazama, akafumba macho. Didimi, mpaka shingo. Didimi, mpaka kimya.

Mama Kheri alikuwa ufukoni, naye aliiona kofia. Jioni ile hakutenga majani.

Tangu siku hiyo, palipo na pimbi, mmoja wao hukaa juu ya jiwe akitazama angani. Kivuli kikipita hupiga kelele, wenzake wakaingia mawe. Kazi hiyo aliianza Zawena, bila mshahara.

Basi funzo, watoto wangu, ni hili: someni usafiri wa anga, ajira ipo. Na mkuu wa chuo mtiini siku zote, maana yeye anajua mtakapoishia.

Hadithi imechoka, inaomba njia.
— Ipite salama, na waliotutangulia walale salama.