Mtamba wa Mzee Chemonges

Umewahi kuua mtu? Usinikodolee macho. Hawa watatu waliulizwa hivyo asubuhi moja, na kila mmoja akajibu mara mbili.

Naibei aliongoza watalii Mlima Elgon. Ukungu kwake ulikuwa dirisha. Cheptoek hakukosa shabaha kwa kombeo. Rungu la Kwemoi halikuhitaji kurudia. Kiangazi hicho walikuwa wamepandisha ng'ombe malisho ya juu, kwa kuwa bondeni hapakubaki jani.

Jirani yao, Mzee Chemonges, alikuwa ameibiwa ng'ombe mara mbili. Akaapa mbele ya wote, "Atakayemwua mwizi, nampa ng'ombe, mtamba ambaye hajazaa."

Asubuhi ile Naibei akaona mtu akiswaga ng'ombe wa mzee ukunguni. "Kule, mwambani!" Bila macho yake, mwizi angekuwa keshavuka mpaka.

Cheptoek akazungusha kombeo. Goti la mwizi likalia kama ukuni mkavu. Bila jiwe lake, Naibei angebaki kutazama tu.

Kwemoi akafika mbio, akashusha rungu. Damu ikaruka hadi kwenye kwato za ng'ombe.

Ugomvi ukaanza maiti ingali ya moto.

"Mtamba wangu," akasema Kwemoi.

"Wako? Umempiga mtu aliyelala! Hata bibi yangu kipofu angeweza," akasema Cheptoek.

"Na nyinyi mngempiga nani bila mimi?" akauliza Naibei.

Mzee Chemonges akaja, akainama, akaigeuza maiti iliyolala kifudifudi. Alikuwa Temko, mwanawe wa kwanza.

Sasa, sheria ya wachungaji wale ni hii: mwenye damu ya jirani mikononi hapandishi mifugo misimu mitatu. Maana yake ng'ombe wako wafie bondeni. Ungeona unyenyekevu ulivyowaingia ghafla!

"Mimi nilionyesha kidole tu," akasema Naibei.

"Goti haliui mtu," akasema Cheptoek.

"Nilimkuta anakata roho," akasema Kwemoi.

Mzee akanguruma, "Nani amemwua mwanangu?"

Cheptoek akamtazama usoni. "Mzee, mbona hukushtuka ulipomgeuza?"

Mzee akakaa chini, majani yenye damu yakimlowesha.

"Nilimtambua tangu wizi wa kwanza," akasema. "Mkono wangu ulinishinda kumwua. Ndiyo maana nikatangaza mtamba."

Haya, hakimu. Mifugo yao yote bado iko malisho ya juu. Ng'ombe wa nani utawarudisha bondeni?