Ushuhuda wa Mpiga Kinanda

Leo, wapendwa, sina la kuwachekesha. Nina habari ya mpiga kinanda wa usharika mmoja, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanikasirikia.

Tumwite Anaeli. Jumapili alipiga kinanda kanisani, siku nyingine alipiga muziki hotelini. Huko hotelini ndiko alikofundishwa kunusa kokeni, kidogo tu, ili asichoke. Miaka miwili baadaye alikuwa hawezi kuianza siku bila hiyo. Aliuza simu yake, akauza vyombo vya dada yake aliyeishi naye, na Jumapili moja akaanguka mbele ya madhabahu katikati ya wimbo.

Usharika ukafanya nini? Ukamwombea. Vema. Ijumaa moja wazee walimwekea mikono, akalia, wakalia naye. Jumatatu yake akanusa tena. Wazee walipopata habari walisema kijana hana imani, kinanda wakampa mtu mwingine, na habari zake zikaishia hapo.

Ni dada yake aliyemshika mkono akampeleka soba, nyumba wanakokaa watu wanaotaka kuacha. Alikaa miezi minne. Wiki za kwanza alilala tu, kisha akawa mkali hata kwa kijiko kilichoanguka. Akafua, akapika, akakaa kwenye duara kusema ukweli wake mbele ya watu waliokwisha kuusema wa kwao. Mshauri wao alikuwa mama mmoja ambaye naye aliwahi kutumia. Siku ya kumruhusu alimwambia, "Anaeli, hii tamaa itakuja tena. Kila Jumanne njoo kwenye kikundi. Ukijisikia vizuri, njoo. Ukijisikia vibaya, njoo upesi zaidi."

Kutembelea wagonjwa kule ni Jumapili alasiri. Kanisa lile lilikuwa na washarika mia sita. Katika miezi minne ile, nani alikwenda kumwona? Dada yake. Nangoja mnitajie mwingine.

Akarudi amenenepa, akakaa kiti cha nyuma. Wakati wa nyimbo vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya magoti. Baada ya ibada mzee wa kanisa akamfuata.

"Kijana wangu, Mungu ametenda. Wiki ya uamsho utoe ushuhuda. Waeleze watu ulivyowekewa mikono Ijumaa ile ukasimama mzima."

"Mzee, sikusimama mzima. Nilikaa soba miezi minne. Na bado nakwenda kikundini kila Jumanne."

"Hayo ya soba yatawachanganya watu. Halafu Jumanne ni mazoezi ya kwaya. Mtu aliyepona anafuata nini huko? Kinanda chako kinakungoja."

Alikitaka kile kinanda. Alitaka watu wamtazame tena usoni. Akakubali.

Siku ya uamsho alisimama akasema, "Niliwekewa mikono, na tangu saa ile sijaitamani tena." Kanisa zima likasimama, vigelegele vikapigwa, wengine wakatokwa na machozi. Na yeye alijua anadanganya, kwa sababu alikuwa ameitamani asubuhi ileile alipokuwa akifunga tai.

Jumanne hakwenda tena kikundini. Tamaa ilipombana, amwambie nani? Mtu aliyekwisha kupigiwa vigelegele anamwendea nani kumwambia naungua? Mwezi wa tatu akanusa. Alipomwendea mzee wa kanisa kuungama, mzee alimjibu mlangoni, bila kumkaribisha ndani: "Umetuaibisha." Kinanda kikachukuliwa tena.

Dada yake akamrudisha soba. Njia nzima alikuwa akijiandaa kufokewa. Yule mshauri akafungua geti, akamtazama, akasema, "Karibu tena, Anaeli. Umekula?"

Siku ya kumi na mbili, alipopata nguvu, mshauri akamketisha.

"Kuna jambo lazima ulijue. Baada ya ule uamsho, mama mmoja alikuja kumtoa mwanawe hapa, fundi umeme, akiwa na siku tisa tu. Alisema, kama Anaeli alipona siku moja, mwanangu anapoteza muda gani huku? Nilimwambia ulikuwa hapa miezi minne. Hakuniamini. Alisema amekusikia kwa masikio yake."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani. Mama yake amemfungia chumbani, anangoja muujiza."

Anaeli akaomba apelekwe. Walimkuta yule mama uani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Anaeli."

"Marahaba. Nakujua, baba. Namwambia mwanangu habari zako kila siku."

"Mama, nilidanganya."

Akamweleza yote, ile Jumatatu, miezi minne, kinanda. Yule mama alisikiliza mikono yake ikiwa ndani ya ungo.

"Na sasa unatoka wapi?"

"Soba. Nilianguka, nimerudi. Leo ni siku ya kumi na mbili."

"Miezi mitatu," yule mama akasema polepole. "Miezi mitatu nimemfungia mwanangu mlango kwa maneno yako."

Akaweka ungo chini, akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo. "Njoo umwambie wewe mwenyewe."

Yule fundi alirudi soba alasiri ileile.

Sasa, wapendwa, ushuhuda ulikuwa upi? Ule wa kipaza sauti, au ule wa uani, mbele ya ungo wa mchele, ambao hakuna aliyeuitikia amina? Na uongo ule nani aliutunga? Msimnyooshee kidole Anaeli. Yeye alikataa mara ya kwanza. Ni sisi tuliomwambia ukweli wake utatuchanganya. Ni sisi tunaotaka Mungu amalize kazi Ijumaa jioni ili sisi tusisumbuke Jumapili. Mungu alikuwa akifanya kazi miezi minne, kwenye beseni la kufulia na kwenye lile duara, sisi tukaona kazi hiyo ni ndogo, haifai kutangazwa. Halafu mtu akianguka tunasema ametuaibisha. Aliyeaibika ni nani pale? Mama mmoja alifungua geti akauliza, umekula? Sisi wenye madhabahu hatukuuliza.

Nami simo nje ya haya. Nimehubiri miaka kumi na moja hapa, na soba ile iko mtaa wa pili kutoka kanisa hili. Nimepita mbele ya geti lile mara nyingi sana. Sijawahi kuligonga.

Ibada yetu inakwisha saa sita. Saa ya kutembelea wagonjwa kule ni saa tisa, leo. Mimi nakwenda. Wewe unakwenda wapi?