Kangaga la Bi Chausiku

Mfunga bomba hafungi umande. Mmeisikia asubuhi shangazi yenu akimpasha mtu, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi wekeni simu hizo kando kidogo. Asili yake ni hii.

Bi Chausiku alikuwa mpangaji huko Korogwe, katika nyumba ya vyumba sita na bomba moja uani. Mama yake alipofariki, huko milimani Bumbuli, kaka zake waliuza shamba bila kumwambia. Alifika akakuta wageni wanapima mipaka. Hakulia mbele yao. Alishuka kwenye chemchemi alikochota maji utotoni, akang'oa kangaga moja dogo, ule mmea wa majani yaliyochanika kama unyoya unaoota penye unyevu, pamoja na vile vijani laini vinavyoota juu ya mawe mabichi, akavifunga kwenye pindo la khanga. Huo ndio uliokuwa urithi wake wote.

Sasa mwenye nyumba, Mzee Mbaruku, alikerwa na kila kinachoota. Maji yalikuwepo tele, lakini alilitia bomba kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni, akawa analifungua kwa maji ya kunywa na kupikia tu.

"Maji ni ya watu," alitangaza. "Nikimkuta mtu anamwagilia jani, afungashe virago."

Mchicha uliooteshwa kwenye makopo ukakauka, mnanaa ukafuata. Wapangaji wakanung'unika chini chini, basi.

Bi Chausiku alisema moyoni, hili la mama halifi. Akaomba dukani chupa tupu ya pipi, ile pana yenye mfuniko. Akatandika kokoto, juu yake mkaa uliopondwa ili maji yasinuke, kisha udongo. Akapanda kangaga, akalizungushia vile vijani, akanyunyiza kiganja kimoja cha maji yake ya kunywa, akafunga. Kwao milimani jua hubembeleza mche, kwa hiyo akaianika chupa dirishani. Jua la Korogwe likapika majani mawili siku hiyo hiyo! Akaihamishia kivulini upesi. Tangu hapo kila asubuhi matone yalijaa kwenye kioo, kisha yakateremka udongoni. Hakuongeza tone.

Chupa ilipoingia mwezi wa pili, Mzee Mbaruku akachungulia chumbani, akaliona kangaga.

"Mwizi wa maji ndiye huyu!" alipiga kelele, na nyumba nzima ikatoka.

Neno hilo lilimchoma Bi Chausiku. Alibeba chupa yake mpaka uani, akaiweka miguuni pa mzee.

"Baba, mimi si mwizi. Ifunge kwa mkono wako, ukae nayo chumbani kwako siku arobaini. Likifa, nahama. Likiishi, kufuli litoke."

"Anza kufungasha," alijibu Mzee Mbaruku, akaufunga mfuniko kwa kamba ya katani, mafundo saba.

Siku zile zilikuwa ndefu. Bi Chausiku aliogopa, siwafichi wajukuu zangu. Kitu pekee cha mama yake kilikuwa mikononi mwa mtu asiyekipenda. Jirani alimshauri aende akaombe msamaha.

"Wa kosa lipi?" aliuliza. Hakufungasha hata kijiko.

Siku ya arobaini mzee alitoka na chupa, uso umemshuka. Mafundo yalikuwa saba vilevile. Ndani, kangaga lilikuwa limetoa jani jipya, limejikunja kama mkia wa kinyonga.

"Umelifanyia nini dude hili?" alifoka. "Maji limepata wapi?"

"Maji yake linayo humo humo, Baba. Kinachopanda kwenye kioo ndicho kinachorudi mizizini, na hakipiti kwako. Wewe umefunga bomba. Mfunga bomba hafungi umande."

Wapangaji wakalidaka neno hilo. Wakalisema mmoja mmoja, kisha wote pamoja, hata watoto, mpaka mzee mwenyewe akavua ufunguo shingoni na kuliendea kufuli.

Basi wajukuu zangu, atakayewanyima kilicho chake, msimkubalie kwamba amewanyima na kilicho chenu. Mwangalieni usoni, mumwambie kama shangazi yenu alivyosema leo asubuhi: mfunga bomba hafungi umande.