Matuta ya Shemboza

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao!

Palikuwa na zimwi la mlimani lililoacha kula watu. Jirani yake, Shemboza, alifyeka miti, akachoma majani, kisha kutwa akalalamika kwamba udongo ni mgumu. Zimwi, likitafuta amani, likampa jembe linalolima lenyewe.

"Ila matuta yakinge mteremko, yaukate kwa upana," likamwonya, "la sivyo mvua itakukomba."

Shemboza akaliamuru jembe lilime kuteremka, maana ndiyo haraka.

Masika ya kwanza zimwi likamwambia, "Kinga matuta!"

"Mwakani, babu."

Masika ya pili likapiga kelele, "Kinga matuta!"

"Mwakani, babu."

Masika ya tatu mvua ikaukomba udongo wote, ikaumwaga mtoni. Jembe likagonga mwamba: ng'wa! ng'wa! ng'wa! Shemboza akapanda kwa zimwi, amefura.

"Babu, jembe lako bovu!"

Zimwi likashika kichwa. "Jembe ni zima. Shamba ndilo limehama! Liko mtoni, lifuate!"

Shemboza akauchungulia msitu nyuma ya zimwi. "Na hapa kwako, babu, udongo ukoje?"

Hadithi ikaishia hapo, na Shemboza pia.