Kipicha Chenye Mshale

Ndugu zangu, funikeni kwanza vitabu vya nyimbo mnisikilize. Leo ninaye mwalimu mmoja mstaafu wa kuwaonyesha. Msigeuze shingo kumtafuta kwenye mabenchi, hayupo. Nimemtunga mwenyewe jana nikichambua maharage. Lakini nawaonya mapema: kabla sijamaliza, kuna atakayemwona jirani yake, na kuna atakayejiona mwenyewe.

Mwalimu huyu alinunuliwa kompyuta na watoto wake. Akaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma. Na alivyokuwa mtu wa mpangilio! Vile vipicha vinavyojaa kwenye kioo kompyuta ikiwaka, alifuta karibu vyote, akabakiza vitano, akavipanga safu moja. Ule mstari wa chini wenye vipicha vya programu akauhamishia juu, maana alisema mambo ya maana hayakai miguuni. Hapo akabandika redio, kalenda na kitabu cha nyimbo. Mgeni akija, hata chai hajapewa, anaitwa kuona. "Nabofya mara moja tu, kitu hiki hapa!" Mnacheka? Chekeni vizuri, tunaendelea.

Mwalimu alikuwa na jirani, mama mjane. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameng'oa masale, ile mimea tunayopanda huku kwetu kuonyesha mpaka, akayapanda upya katikati ya shamba la yule mama. Nusu ya kahawa ikawa upande wa shemeji. Nusu ya migomba, upande wa shemeji. Na kaburi la mumewe likawa upande wa shemeji. Mama akaenda baraza la ardhi kule mjini, akapewa tarehe na kuambiwa alete maelezo ya maandishi. Asipoleta, wataamua kwa maelezo ya upande wa pili.

Akaenda kwa mwalimu. "Mwalimu, mimi mkono wangu ni wa jembe. Nisaidie kuandika."

"Mama, umefika. Wewe sema tu."

Akasema alasiri tatu mfululizo, mwalimu anagonga herufi moja moja. Kazi ilipoisha, mwalimu akalihifadhi faili ndani kabisa ya kompyuta, kwenye kabrasha lililo ndani ya kabrasha. Kisha akatengeneza njia ya mkato, yaani kile kipicha ambacho ukikibofya kinakupeleka faili lilipo. Akakipa jina kwa herufi kubwa, MAELEZO YA MAMA, akakikuza, akakiweka katikati ya kioo. Kingine akakibandika kwenye ule mstari wake wa juu. Akarudi nyuma hatua mbili akitazama. Kazi safi!

Siku ya baraza ikafika. Mwalimu akachomeka flashi, akakivuta kile kipicha kikubwa mpaka ndani yake, akaitia mfukoni mwa shati. Wakashuka mjini wote wawili. Jirani na baraza kuna duka la steshenari, na dada wa pale akaipokea flashi.

"Shikamoo mwalimu. Nichape lipi?"

"Marahaba. Limo moja tu, huwezi kulikosa."

Dada akabofya. Kompyuta ikajibu kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabofya tena. Jibu lile lile. Akamgeukia mwalimu kwa upole.

"Mwalimu, unakaona haka kamshale hapa kwenye kona? Hili siyo faili. Hii ni njia tu ya kwenda kwenye faili. Lenyewe liko wapi?"

"Liko nyumbani."

"Basi umebeba njia, mwalimu. Kitu chenyewe umekiacha."

Ndugu zangu, saa mbili na nusu hiyo, baraza linaanza saa tatu. Kurudi nyumbani ni mwendo mrefu wa kupanda mlima, na nyumba imefungwa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki akashika kichwa. "Mama, nimekuangamiza," akasema. Mama alimkasirikia, na mimi simlaumu. Halafu akakifunga kitenge chake upya kiunoni.

"Mwalimu, yale maneno yalitoka kwenye kompyuta yako?"

"Hapana, mama. Yalitoka kwako."

"Basi inuka, twende."

Mwenyekiti wa baraza akauliza, "Mama, maelezo yako wapi?"

"Karatasi sina, mheshimiwa. Maelezo ninayo."

Shemeji akacheka. Mwenyekiti akamtazama mama, akamwambia katibu ashike kalamu. Basi mama akaanza. Akataja mwaka aliopanda mpaka ule na baba mkwe wake, yeye akishika miche na mzee akichimba. Akataja sale lililokufa kwa ukame na siku aliyopanda jingine mahali pake. Kisha akasema, "Na chini ya kila sale la kona, baba mkwe alifukia kigae cha chungu. Aliyeng'oa aling'oa majani na mizizi. Vigae hakuvijua. Njooni mchimbe."

Shemeji akaacha kucheka.

Mwenyekiti akamgeukia mwalimu. "Wewe ndiye uliyemwandikia. Hili la vigae lilikuwamo?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Halikuwamo, mheshimiwa. Alinisimulia. Nililikata ili maelezo yakae vizuri kwenye ukurasa mmoja."

Mmesikia? Wiki iliyofuata wajumbe walipanda mlimani na jembe, wakachimba mahali mama alipoonyesha, na vigae vikatoka vyote vinne. Mama akarudishiwa shamba, na kaburi. Kama karatasi ile nzuri ingefika barazani, mama angeikabidhi na kukaa kimya, na shamba lingekwenda.

Sasa tusimcheke mwalimu. Mwalimu ni sisi. Tumejipanga kweli kweli! Aya ya asubuhi iko mbele ya simu, tunaigusa mara moja na kuituma kwenye kundi la jumuiya. Msalaba uko shingoni, kalenda ya kanisa ukutani, na neno "nimesamehe" liko mdomoni tayari kwa yeyote atakayeuliza. Vyote ni vizuri. Lakini vyote vina mshale kwenye kona! Vinaonyesha mahali kitu kilipo. Na siku utakapoitwa mbali na kwako, kitandani hospitali, au mbele ya mtu aliyekuchongea, utabofya, nawe utaulizwa: lenyewe liko wapi? Utajibu nini?

Na lile tulilolikata je? Ile sehemu ya imani yetu iliyoharibu mpangilio, inayotudai kumfuata mtu na kukiri kosa, tumeiondoa ili maisha yakae vizuri kwenye ukurasa. Rafiki yangu, huenda hiyo ndiyo iliyokuwa ikuokoe.

Mimi nimeamua, nami nawaomba muamue pamoja nami, leo, tukiwa tumekaa hapa hapa. Kila mmoja wetu anaye mtu ambaye amesema amemsamehe na bado akimwona njiani anavuka upande wa pili. Mimi ninaye. Yuko humu ndani, na anajua kwamba ni yeye. Sitasubiri baraka ya mwisho. Mzee wa kanisa, nishikie Biblia, naenda kumpa mkono. Na wewe, wako yuko benchi la ngapi?